Ndaga na Ankara

Kwa Wanyakyusa wa Kyela neno la kushukuru ni ndaga, na shukrani ikizidi husemwa ndaga fijo. Nimelisikia neno hilo tangu utoto wangu hapa Itungi: bandarini meli inaposhusha mizigo, shambani wakati wa kuvuna mpunga, hata msibani. Ni neno jema na sina ugomvi nalo. Lakini kwa miaka mingi ndilo lililokuwa malipo pekee ya watu waliotutengenezea vitu vyetu vilivyoharibika, na mimi mwenyewe nililitumia vibaya nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu.

Lililonikumbusha hayo ni kijikaratasi kimoja. Mwaka 2018 mpwa wangu, ambaye ni mwalimu wa sekondari, alinijia jioni akiwa amekishika mkononi. Mfanyabiashara mmoja wa mjini Kyela, mwenye mashine ya kukoboa mpunga, alikuwa na kompyuta 6 na printa 2, na alitaka mtu wa kuzitunza nje ya saa za kazi. Mpwa wangu alikuwa ameandika: "30,000/= kila nikiitwa."

"Mjomba," akasema, "hii bei ni halali, au nawaibia? Na je, mkuu wangu wa shule akijua?"

Maswali hayo mawili yamekwenda pamoja katika nchi yetu kwa zaidi ya miaka hamsini, na kijana wa leo hawezi kujua kwa nini yalinitia uzito asipoelezwa tulikotoka.

Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967. Katika masharti ya uongozi lilisema kwamba kiongozi wa TANU au wa Serikali awe mkulima au mfanyakazi, asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi katika kampuni ya kibepari, asiwe na nyumba ya kupangisha, na asiwe na mishahara miwili au zaidi. Mwalimu wa kawaida wa shule ya msingi hakuwa kiongozi kwa maana ile. Hata hivyo sisi vijana tuliotoka vyuoni miaka ile tuliyachukua masharti hayo kama amri za Mungu, na mwalimu aliyekuwa na kazi ya pembeni yenye malipo aliifanya kwa kujificha, kama mtu anayekunywa pombe ya kienyeji wakati wa Kwaresima. Siwacheki wenzangu wala sijicheki mimi. Masharti yale yaliwazuia wakubwa wengi wasigeuze ofisi kuwa duka, na tulipoyalegeza tuliona yaliyofuata.

Ila yalikuwa na kivuli chake. Mwaka 1973 ilikuja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili nchi nzima walikaa katika vikundi, wakasikiliza vipindi vya redio, wakajadili malaria, kichocho na choo, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Kikundi bila redio hakikuwa kikundi. Redio zenyewe nyingi zilikuwa za National, zilizounganishwa Dar es Salaam, na unyevu wa Kyela haukuzihurumia. Mvua yetu si ya mchezo. Mwezi wa Aprili hata viberiti havishiki moto. Spika zililegea, nyaya zikaota kutu, mende wakataga mayai ndani.

Palikuwa na mwalimu mwenzangu, mkubwa kwangu kwa miaka kumi, aliyejua kuzitengeneza. Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa na hati ya kulehemu iliyopashwa kwenye jiko la mkaa na kopo la skrubu. Usiku alitengeneza redio za vikundi vya vijiji vitatu, na waya wa risasi alinunua kwa mshahara wake. Alipomaliza aliambiwa ndaga fijo, na pengine msimu wa mavuno akaletewa debe la mpunga, ambalo alilipokea kwa mlango wa nyuma. Siku moja nilimwuliza kwa nini hawatozi hata bei ya waya. Akanijibu, "Mwalimu, nikitaja senti moja tu, nitaitwa mnyonyaji." Kampeni ile husifiwa, na inastahili sifa zake. Ila sijaona mahali palipoandikwa kwamba sehemu ya gharama yake ililipwa na watu wa namna hii.

Kule juu mambo yalikuwa hivyohivyo, ila kwa mashine kubwa zaidi. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa Hazina mwaka 1965, mashine ya kampuni ya Kiingereza ya ICT. Ilifuatiwa na nyingine yenye nguvu zaidi, na kufikia miaka ya mwanzo ya 1970 hesabu za Serikali zilikuwa zimevurugika. Wataalamu wa kuitunza na kuiandikia programu walikuwa wageni, tena wachache. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali maalumu, na marufuku hiyo ilikaa miaka mingi kabla ya kulegezwa. Vijana hucheka wakisikia habari hiyo, na wengine husema tulikuwa washamba. Mimi naona ni hesabu ya mtu aliyenunua ng'ombe bila kumweka mchungaji, kisha akaamua kutofuga tena. Mwaka uleule wa 1974 Azimio la Musoma lilitaka elimu ya msingi kwa watoto wote, tukaanza kukimbizana na madarasa na walimu wa kuyajaza, na nani angekuwa na nafasi ya kukumbuka kompyuta? Baadaye wataalamu wa lugha walituletea maneno mawili ya kuiita, ngamizi na tarakilishi. Nilifundisha yote mawili kwa utii. Wanafunzi wangu wakaendelea kusema kompyuta.

Nilipostaafu na kupata wasaa wa kusoma ndipo nilipogundua kwamba hata Marekani huduma ya kompyuta ilikaa muda mrefu bila bei yake. Wateja wa IBM walikodi mashine, na ndani ya kodi ile walipata fundi wa kuitunza, mwalimu wa kuwafundisha na programu za kutumia, bila kujua kila kimoja kina thamani gani. Tarehe 23 Juni 1969 kampuni hiyo, ikiandamwa na kesi za kuhodhi soko, ilitangaza kwamba programu, mafunzo na sehemu kubwa ya msaada wa wataalamu vitakuwa na bei yake mbali na mashine. Kutoka hapo likazaliwa soko zima la watu wanaoishi kwa kuuza utunzaji na ujuzi peke yake. Niliposoma hayo nilimkumbuka mwalimu wa redio. Kazi yake nayo ilikuwa imefichwa ndani ya kitu kingine, yaani ndani ya mshahara wa ualimu, ambao haukulipwa kwa ajili hiyo.

Miaka ya 1980 siihitaji kuieleza kwa marefu, walioiishi wanaijua. Mwanzoni mwa 1986 dola moja ilikuwa kama shilingi 17, na katikati ya mwaka uleule ikawa 40. Mshahara wa mwalimu ukawa wa wiki mbili, na wiki mbili zilizobaki tulilima, tulifuga, tuliuza maandazi kwa mikono ya wake zetu. Kila mtu alikuwa na mradi na kila mtu alijifanya haoni mradi wa mwenzake. Kisha Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar, ikaruhusu wanachama kuwa na mishahara miwili, kupangisha nyumba na kununua hisa. Marufuku ikaondoka kwenye karatasi. Katika vichwa vya watu kama mimi ilibaki.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Mwaka 2005 Wizara ya Elimu, kwa msaada wa Sweden, ilianza mpango wa kuweka kompyuta katika vyuo vya ualimu vya Serikali. Chuo nilichokiongoza, ambacho sitakitaja jina, kilipata zake, nasi tukafanya sherehe tukachinja mbuzi. Mpango ulikuwa mzuri kwelikweli. Nilichoshindwa ni kuuliza swali la Hazina ya 1965: nani atazichunga? Palikuwa na mkufunzi kijana wa hisabati aliyezipenda, basi kazi ikawa yake bila barua wala posho. Mwaka 2006 ukame ulipunguza maji ya mabwawa na nchi ikaingia katika mgawo wa umeme. Umeme ulikatika na kurudi kwa kishindo, vifaa vya kulinda mashine vikaungua kimoja baada ya kingine, virusi vikaja na kila flashi ya mwanachuo. Kijana yule alikesha. Wakati wa kuandaa matokeo ya mitihani alitoka maabara saa sita za usiku akiwa na tochi. Mimi nilisimama kwenye kikao cha wafanyakazi, nikasema ndaga fijo, tukampigia makofi.

Mwaka 2007 aliniandikia barua. Aliomba moja kati ya mambo mawili: ama alipwe posho ya shilingi 30,000 kwa mwezi kwa kazi ya maabara nje ya vipindi, ama apewe ruhusa ya kutunza kompyuta za ofisi moja mjini siku za Jumamosi. Nilimjibu kwa wino mwekundu juu ya barua yake mwenyewe: "Haikubaliki. Mtumishi wa umma hatumikii mabwana wawili." Azimio la Zanzibar lilikuwa limepita miaka 16.

Mwisho wa mwaka aliacha kazi. Mwaka 2008 tulianza kumwita fundi kutoka mbali kila mashine ilipogoma. Katika muhula mmoja alikuja mara 5, na kila safari, kwa nauli, posho na ufundi, alitugharimu shilingi 85,000. Hiyo ni shilingi 425,000. Posho aliyoiomba yule kijana ingekuwa shilingi 360,000 kwa mwaka mzima. Fedha ilikuwa hasara ndogo. Kati ya safari na safari maabara ilifungwa wiki mbili, wiki tatu, na wanachuo wa mwaka ule walihitimu wakiwa wamegusa kompyuta siku za kuhesabika kwa vidole. Wakaenda kufundisha hivyo. Baadhi yao nawafahamu, na sasa ni walimu wakuu.

Basi mpwa wangu alipoweka kijikaratasi mezani, sikutaka kumjibu kwa haraka. Swali la mkuu wake tulilimaliza kwanza: nilimwambia aandike barua, aeleze ni kazi gani na ni siku gani, asipokee simu ya mashine akiwa darasani, na asubiri kibali kwa maandishi. Kibali kilikuja.

Kuhusu bei tulikaa na kalamu. Nilimwuliza: ukilipwa kila ukiitwa, faida yako iko wapi? Akanyamaza, kisha akacheka, maana alikuwa ameona. Faida yake ilikuwa katika kuharibika kwa mashine. Na mwenye mashine, kwa kuogopa kutoa 30,000, angechelewa kumwita mpaka tatizo dogo liwe kubwa. Tukaamua iwe bei ya mwezi. Tulihesabu saa 12: ziara mbili za Jumamosi za saa tatu kila moja, saa nne za dharura na saa mbili za njiani. Tulikadiria saa moja kwa shilingi 8,000, ikawa 96,000. Bodaboda kutoka Itungi hadi Kyela mjini, kwenda na kurudi mara nne, 24,000. Vocha ya simu na intaneti 10,000. Akiba ya vifaa vyake, maana bisibisi nazo huchakaa, 15,000. Jumla 145,000. Nikamwambia aongeze 20,000.

"Za nini tena, Mjomba?"

"Za kukaa tayari. Jumapili unaweza kuwa Matema na wanao, simu ikalia."

Ikawa 165,000. Kisha tukakumbuka kodi ya zuio ya asilimia 5 ambayo mlipaji huikata, tukapandisha hadi 175,000. Ikikatwa 8,750 inabaki 166,250. Mwenye mashine aliguna, akakubali kwa mdomo, na sisi tukaridhika na mdomo. Hapo nilikosea tena. Sheria yetu ya Mikataba, iliyochukuliwa kutoka ile ya India ya mwaka 1872, haidai kila mapatano yaandikwe. Lakini inadai pande zote mbili zijue zimepatana juu ya kitu kimoja. Sisi tulikuwa tumepatana juu ya vitu viwili tofauti na hatukujua.

Jambo hilo lilijitokeza Juni 2019. Mwezi ule hakuna mashine iliyoharibika. Mwenye mashine akakataa kulipa. "Mwalimu," aliniambia nilipokwenda na mpwa wangu, "huyu kijana mwezi huu hajatengeneza kitu. Nimlipe kwa lipi?" Nilimpa mfano wa hapa kwetu: injinia wa meli hulipwa hata safari ambayo injini haikuzimika, na abiria hadai kurudishiwa sehemu yake ya nauli akifika Mbamba Bay salama. Nilijivunia mfano huo. Yeye akacheka mpaka akafuta macho. "Mwalimu, wewe ni mtu wa Itungi na meli za ziwa hili unanitajia mimi? Zimelala bandarini kwa ubovu miezi mingapi, na injinia yumo ndani?" Sikuwa na jibu, maana alisema kweli.

Lililotuokoa ni daftari. Mpwa wangu alikuwa ameandika kila alichofanya: Jumamosi ya kwanza ya Juni alinakili hesabu zote za magunia kwenye diski ya nje, Jumamosi ya pili alibadilisha kifaa cha kuzuia kishindo cha umeme kilichoanza kunuka. Mzee yule aliisoma mistari ile mmoja mmoja kwa kidole, akauliza diski iko wapi, akaonyeshwa. Tulipatana alipe Juni yote, na mpwa wangu naye amfundishe karani wa pale kazi ndogondogo ili simu za bure zipungue. Nadhani kila mmoja aliondoka akiamini amemshinda mwenzake.

Ila tulijua sasa pawe na mkataba wa maandishi. Mambo mengi niliweza kuyaandika mwenyewe. Kwa mfano niliweka kwamba kazi kubwa ya kufungua mashine zote isifanywe kati ya Mei na Julai, wakati wa mavuno, bali mwezi wa Novemba. Hapo nilikuwa nakumbuka Wajerumani, waliopandisha meli yao Hermann von Wissmann nchi kavu pale Liuli, waliyoiita Sphinxhafen, kwa matengenezo, na Agosti 1914 Waingereza wakaja na Gwendolen wakaikuta imekaa juu ya magogo. Nahodha wake, yasemekana, hakuwa na habari kwamba vita imeanza. Mtu hawezi kujua siku ya vita, lakini siku ya mavuno inajulikana.

Orodha ya kazi zenyewe, yaani kipi kimo na kipi hakimo, ilinishinda. Nilihitaji mtu anayejua. Na niliyemjua ni mmoja tu.

Alikuwa na ofisi yake Mbeya, chumba kimoja chenye meza mbili na vijana wawili anaowafundisha kazi. Hatukuwa tumeonana tangu 2007. Tulipoingia alisimama, akaniamkia "Shikamoo Mkuu," akatuagizia chai. Hakutaja barua. Mimi nilianza kuitaja, naye akasema, "Tuangalie kwanza hii karatasi." Akasoma mkataba wangu kwa saa nzima. Pale nilipoandika "atashughulikia matatizo yote ya kompyuta" alikata mstari, akaandika badala yake mistari tisa: kusafisha, kunakili kumbukumbu, virusi, printa na kadhalika, na chini yake mistari minne ya yasiyohusika, wa kwanza ukiwa vipuri, ambavyo mwenye mashine anunue mwenyewe. Akaongeza kwamba dharura iitikiwe ndani ya saa 24, na siku za shule baada ya saa kumi jioni. Akamwuliza mpwa wangu kama ana kibali cha mkuu wake. Kijana akamwonyesha. Alikishika kile kibali muda kidogo kuliko ilivyohitajika kukisoma.

Tulipoinuka nikamwambia ndaga fijo. Akaitikia vizuri, kisha akavuta kitabu cha ankara kutoka kwenye droo, akaandika: "Ushauri, saa 1, 40,000/=." Akakata karatasi akanipa.

Mpwa wangu alinitazama kwa aibu, akataka kutoa yeye. Nilimzuia. Nilihesabu noti nne za elfu kumi mezani, na yule mkufunzi wangu wa zamani akazihesabu tena, akaandika stakabadhi, akaigonga mhuri.

"Ndaga, Mkuu," akasema.

Stakabadhi ninayo. Nimeiweka pamoja na barua yake ya 2007, ile yenye wino mwekundu, ambayo nilitoka nayo chuoni siku niliyokabidhi ofisi.